Nusu Nyekundu, Nusu Nyeusi

Wazazi wangu waliachana kwa sababu ya giaboksi. Watu wakiniuliza nawajibu hivyo hivyo, maana nikianza kueleza mengine hatutamaliza leo. Baba ni fundi wa magari, Mama ni dobi. Siku moja Baba alikosa chombo cha kuoshea giaboksi ya mteja, akachukua beseni ambamo Mama alikuwa ameloweka mashuka ya nyumba ya wageni. Mashuka kumi na mawili, meupe. Mama hakupiga kelele. Aliyatoa moja moja, akayaanika nje na michirizi yake ya oili ili mtaa mzima uone alichoolewa nacho, kisha akaingia ndani kumfungia Baba begi.

Siku ya kugawana vitu alikuja mjomba, kaka yake Mama, kusimamia. Mjomba ni mtu wa haki hadi anakera. Viti sita: vitatu huku, vitatu kule. Kabati kwa huyu, redio kwa yule. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimeshaanza kazi ya fotokopi na nina chumba changu, kwa hiyo nilinusurika kugawanywa. Mwisho kabisa zikabaki karata.

Hizo karata walizinunua wakiwa wachumba. Karatasi yake nzito, na migongo ni ya rangi ya maziwa yenye ndege wa buluu. Walicheza nazo nikiwa tumboni, walicheza nazo nikiota meno, na kila Jumamosi waliwapiga majirani mpaka majirani wakaacha kuja. Sasa kila mmoja alizitaka. Baba alisema yuko tayari kuacha redio, Mama akasema yuko tayari kuacha kabati na nguo zilizomo. Mjomba akafikiri, akazimwaga mezani, akazitenga. Nyekundu zote, kopa na uru, kwa Mama. Nyeusi zote, shupaza na pau, kwa Baba. Ishirini na sita kwa ishirini na sita. Akajifuta jasho akiamini ametenda jambo kubwa.

Matokeo yake ni kwamba watu wawili wasiotaka kuonana hawakuweza kucheza karata bila kuonana. Walivumilia miezi mitatu. Halafu Mama akanipigia simu, akaniuliza kama chumba changu kina meza, na Jumamosi iliyofuata walikuja wote wawili, kila mmoja na nusu yake mfukoni, wakawapiga majirani zangu mimi. Imekuwa hivyo miaka kumi. Kwa Mama Baba hakanyagi, kwa Baba Mama hakanyagi, na kwangu wanakanyaga watakavyo.

Mjini watu wanawaita wazazi wangu Pasi na Grisi. Ukiziona zile nusu mbili hutauliza kwa nini. Mama anazitunza zake kama shati la bwana harusi. Kila Jumapili anazipanga juu ya blanketi la kupigia pasi, anazifunika kitambaa, anapitisha pasi ya uvuguvugu, kisha anazipaka poda kidogo zisigandane. Baba za kwake zinakaa gerejini, kwenye kopo la nati za magurudumu. Anacheza nazo mchana na kijana wa spea, mchezo wa kubuni ambao hauhitaji nyekundu, wakiwa wametoka kufungua injini na mikono ndiyo hiyo. Baada ya miaka kumi ndege wa Mama walikuwa bado wanaruka kwenye maziwa. Ndege wa Baba walikuwa wanaruka kwenye chai.

Ugomvi wa jambo hilo naujua kwa moyo.

"Zako zinanuka dizeli," Mama anaanza.

"Zako zinanuka poda. Mtu anaweza kudhani tunacheza na mtoto mchanga."

"Usafi haujawahi kumuua mtu."

"Zangu zimeiva. Karata lazima iive."

Wanabishana hivyo huku wanagawa, na mimi napasha maji ya chai, na hakuna hata mmoja wetu, nasema hakuna hata mmoja, aliyewahi kufikiria zaidi ya hapo. Kumbuka hilo, tutalirudia na nitaona aibu.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Watu wanne, wawili wawili, wenza wanakaa wakitazamana. Kila mtu ana karata kumi na tatu. Kila mmoja anatupa moja, ya aina iliyotangulia kama anayo, yenye nguvu inazila zote nne, na aina moja inayochaguliwa kuwa turufu inazila nyingine zote. Wenza wakila mara saba, mkono ni wao. Kuna mashindano ya mkoa kila mwaka, na wawili wa kwanza wanakwenda mashindano ya taifa. Kila timu inakuja na karata zake. Mwamuzi anarusha sarafu, na anayeshinda anachagua zitumike za nani.

Miaka mitatu mfululizo wazazi wangu walifika nusu fainali na miaka mitatu mfululizo walipigwa. Kilichotufariji ni heshima. Wapinzani wakishinda sarafu, karibu wote walisema, kwa adabu kabisa, "Tutumie za kwenu, tunazipenda." Mama alikuwa anarudi nyumbani ameshindwa lakini shingo imenyooka. "Angalau wanatambua karata nzuri," anasema.

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya mashindano, Baba aliweka nusu yake mezani kwangu akasema ana neno. Kaka yake ana gereji mji mwingine, mwendo wa saa saba kwa basi, na anamwita wafanye kazi pamoja.

"Tukipita nusu fainali nitabaki, maana itabidi tufanye mazoezi ya taifa," alisema. "Tukipigwa tena, naondoka. Siwezi kuzeekea kwenye meza ya nusu fainali. Na nusu yangu nitamwachia huyu." Akamwonyesha Mama kwa kidevu.

"Nenda," Mama akasema. "Kwani nimekushika shati?"

Wiki ile alizipiga pasi karata zake mara nne. Niliingia kibandani kwake Jumatano nikakuta foleni ya suruali za watu imefika dirishani, na yeye ameinama juu ya mbili ya kopa. Mimi mwenyewe sikutaka baba yangu aondoke, nasema wazi, ingawa mtu huyo aliwahi kunirekebishia friji na tangu siku hiyo linapiga honi.

Mashindano yalifanyika ukumbi wa chuo cha ufundi, Jumamosi asubuhi, chini ya mapangaboi manne ambayo kati yake moja tu lilikuwa linafanya kazi. Robo fainali walishinda kirahisi, walipewa waalimu wawili waliokuwa wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Nusu fainali wakapangiwa wakunga.

Wakunga wale ni maarufu. Mmoja mrefu, mmoja mfupi, wanafanya kazi wodi moja, na wana ile sauti ya upole ya mtu anayekwambia haitauma. Walishinda sarafu. Mkunga Mfupi akatabasamu akamwambia Mama, "Tutumie za kwenu, dada. Tunazipenda sana."

Mama akafurahi. Akageuka akaniambia, "Wewe usikae nyuma yangu leo. Kila nikipata karata mbaya unavuta pumzi mpaka ukumbi mzima unajua. Kaa kule."

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, nilikaa upande wa wapinzani, nyuma ya Mkunga Mfupi. Mkono wangu wa kushoto Baba, wa kulia Mama, nikiitazama migongo ya karata zao badala ya sura.

Mama akainua karata zake kumi na tatu na mimi nikaona nne nyeupe na tisa za rangi ya chai.

Nikajiambia, Mama ana nyekundu nne.

Nikageuka kwa Baba. Tisa nyeupe, nne chai. Baba ana nyekundu tisa. Turufu ilikuwa uru. Nikamtazama Mkunga Mfupi, na yule mama wa watu hakuwa anaangalia karata zake hata kidogo. Alikuwa anasoma migongo ya wazazi wangu taratibu, kama mtu anayesoma kadi ya kliniki.

Hapo ndipo yaliponirudia yote. "Tunazipenda." Miaka mitatu ya "tunazipenda". Mkoa mzima ulikuwa unajua. Watu walikuwa wanaomba kupangiwa wazazi wangu. Na sisi, familia yenye akili timamu, tulikaa miaka kumi tukibishana ni nani mchafu na ni nani anajidai, na tukasahau kwamba karata zina nyuma. Nilitamani sakafu ifunguke, lakini ilikuwa ya saruji.

Seti ya kwanza walipigwa vibaya. Mwamuzi akatangaza chai, dakika ishirini. Nikawavuta wote wawili nje, nyuma ya ukumbi, Baba alikokuwa ameegesha lile gari lake ambalo linawaka likijisikia. Nikachukua karata mbili kutoka mkononi mwa Mama, nikaziweka juu ya boneti kifudifudi.

"Ipi nyekundu?" nikauliza.

Baba akaonyesha ile nyeupe. "Si hiyo?"

"Umejuaje?"

"Si ya mama yako, si unaona ilivyo..."

Akaikodolea macho ile karata. Mama alikuwa ameshaelewa. Nilimwona akiwa anahesabu kimyakimya, mwaka jana, mwaka juzi, mwaka ule. Shingo ilishuka kidogo kidogo.

"Ni grisi yako," akasema.

"Ni poda yako!"

"Miaka kumi nakwambia nawa mikono."

"Miaka kumi nakwambia acha kupiga pasi vitu visivyo na kola."

"Zimebaki dakika kumi na tano," nikasema. "Mkitaka kugombana, gombaneni, mimi nitakwenda kumsaidia Baba kufunga mizigo."

Ugomvi ukaishia hapo. Nilisema tuombe pakiti mpya kwa mwamuzi, anazo kwenye sanduku. Walinitazama kama nimewaambia tununue wazazi wapya. Basi Baba akaja na wazo kwamba za kwake zioshwe zifanane na za Mama. Anayo petroli kwenye dumu.

Mama akachukua shupaza moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaikwangua kwa ukucha. Nimemwona akifanya hivyo na makoti ya watu maelfu.

"Haitoki," alisema. "Doa la miaka kumi halitoki kwa robo saa. Ukitia petroli ndege ataondoka na karata itabaki. Hizi haziwezi kupanda." Akamrudishia Baba. "Ni zangu zishuke."

Baba akaziondoa karata juu ya boneti. Alifungua boneti, akatoa tambara lake la kufutia kijiti cha oili, akalishika tu, hakuthubutu kulipeleka popote. Nafikiri alikumbuka mashuka.

"Lete," Mama akasema. "Wewe utaacha alama za vidole."

Akakunja mikono ya blauzi. Blauzi nyeupe, ya mashindano, ameitia wanga jana yake. Akazungushia tambara kidoleni, akaanza na rei ya kopa. Alifanya kazi ile kama anavyofanya kazi zake zote, yaani vizuri: duara ndogo katikati, kisha pembeni ambako vidole vinashika zaidi, kisha anaipuliza, anaiweka kando ya shupaza, anailinganisha, anaongeza. Baada ya karata tano Baba akachana tambara vipande viwili akaanza na uru, na kila alipomaliza moja alimwonyesha kwanza. Mama anatikisa kichwa, Baba anarudia. Hivyo mpaka uru zote zikaisha. Mimi nilisimama hapo nikishika zilizomalizika.

Mwamuzi ana miwani miwili na hakuna inayomfaa. Alizihesabu, akazinusa, akafungua kijitabu cha sheria. Kifungu cha nne kinataka karata hamsini na mbili zenye migongo inayofanana. Akazitandaza. Kwa mara ya kwanza tangu mjomba azimwage mezani, karata za wazazi wangu zilikuwa zimefuata sheria.

Tukarudi mezani, na safari hii mimi nikakaa nyuma ya Baba. Baba akagawa. Mkunga Mfupi akainua macho kwenda kwa Mama, kama kawaida yake, na macho yakakwama. Akamtazama Baba. Akamtazama mwenzake. Ile sauti ya haitauma ikapotea kabisa.

"Mmezifanya nini hizi karata?"

"Tumezifua," Mama akasema, mikono yake ikiwa myeusi hadi kwenye viwiko.

Seti ya pili wakunga walicheza kama watu waliozimiwa taa. Walikuwa wachezaji wazuri, sikatai, ila walishazoea vya bure. Tukala seti. Ya tatu wakajikusanya, wakawa wanatoana jasho mkono kwa mkono, mpaka ukabaki mkono mmoja wa mwisho wa kuamua kila kitu.

Hapa inabidi nikwambie ugonjwa wa Baba. Baba hamwamini Mama. Mama akitupa karata inayokula, Baba anatia turufu juu yake, eti kuihakikishia. Anakuwa ametumia turufu kununua kitu ambacho tayari ni chao. Mama amemwambia miaka thelathini, "Nimehesabu, niache," na Baba miaka thelathini anasema, "Je, kama umekosea?" Ukiniuliza mimi, giaboksi ilikuwa kisingizio tu.

Turufu ilikuwa kopa. Wakunga wamekula mara sita, sisi tano. Kila mtu amebakiwa na karata mbili, na tunazihitaji zote mbili. Zamu ya kuanza ilikuwa ya Mama. Akatupa malkia wa pau. Mkunga Mrefu akaweka pau ndogo. Rei na mfalme wa pau walishapita, kwa hiyo malkia alikuwa anakula, ila tu kama Mkunga Mfupi, ambaye ndiye wa mwisho kutupa, hana kopa iliyobaki.

Baba alikuwa na tisa ya kopa na nne ya uru. Aliinua ile tisa. Niliuona mkono unakwenda, na nikajua tumekwisha: ataila karata ya mkewe wa zamani, atabaki na nne ya uru isiyoweza kula hata mkate, na Jumatatu atakuwa ndani ya basi.

Mkono ukasimama hewani. Baba akamtazama Mama. Mama hakumtazama. Alikuwa anajitoa grisi kwenye ukucha, bila haraka, kama mtu anayengoja pasi ipate moto.

"Umehesabu?" Baba akauliza, jambo ambalo haliruhusiwi, na mwamuzi akagonga meza.

Mama akapuliza ukucha. Baba akairudisha tisa, akatupa nne ya uru.

Mkunga Mfupi akaitazama sana karata yake, kisha akaiweka. Saba ya shupaza. Malkia akala. Mama akatupa karata yake ya mwisho, tatu ya uru, karata ya hovyo kabisa, Mkunga Mrefu akaweka mfalme wa uru juu yake, na Baba akashusha ile tisa ya kopa taratibu sana. Saba kwa sita.

Fainali tulipigwa na wauza viatu wawili kwa muda wa nusu saa, na wala hakuna aliyejali. Wawili wa kwanza wanakwenda taifa. Baba alimpigia kaka yake simu pale pale ukumbini akamwambia atafute fundi mwingine, yeye ana mashindano.

Tukatoka nje hadi kwenye gari. Kila mwaka, mashindano yakiisha, Mama huzitandaza karata juu ya boneti, sura juu, anachambua nyekundu zake, anazihesabu mara mbili, kisha Baba anazoa zilizobaki. Safari hii alizishika zote kifudifudi, akawaangalia wale ndege hamsini na wawili waliochafuka sawasawa. Akazikata katikati kwa kidole gumba. Fungu moja akampa Baba, jingine akalitia kwenye mkoba wake.

"Hujageuza," Baba akasema.

"Nimechoka."

Kesho yake, Jumapili, nilikwenda kwa Mama kumsaidia suruali zilizolala wiki nzima. Pasi ilikuwa ya moto, blanketi limetandikwa, na zile karata ziko juu ya rafu, kopa na shupaza pamoja, hazijaguswa. Mkononi alikuwa na kola ya mtu. Gari likasikika likikohoa barabarani, likazima bila kuzimwa. Baba akaja akasimama mlangoni, pale pale anaposimama kila mara akiniletea kitu nikiwa kwa Mama, mguu mmoja nje ya kizingiti na wa pili nje zaidi.

"Nimehesabu," alisema. "Ninazo ishirini na nne. Kwa hiyo wewe unazo ishirini na nane. Mbili ni zangu."

"Zipi?" Mama akauliza.

Baba akafikiri.

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Basi ingia uzitafute," Mama akasema, akaendelea na kola.

Baba akaitazama mikono yake pande zote mbili, akaifuta kwenye suruali, akaifuta tena, akavua viatu akaingia.